Kamba na Mkimbiaji: Uhakiki wa Habari za Watu Mashuhuri Wenye Ulemavu

Kila mwalimu wa Kiswahili anaifahamu habari ya aina hii, ijapokuwa hajapata kuipa jina. Huwa fupi, haizidi ukurasa mmoja, nayo hupatikana katika vitabu vya ufahamu, katika magazeti ya Jumapili na katika hotuba za siku ya kufunga shule. Ndani yake mna mtu aliyezaliwa na ulemavu au aliyepatwa nao ukubwani. Mna majirani waliomkatia tamaa. Kisha mna ushindi, makofi na bendera. Mwishoni huwekwa maswali matano, na la tano aghalabu huuliza: "Umejifunza nini kutokana na habari hii?" Wanafunzi hujibu kwa sauti moja kwamba wamejifunza kutokata tamaa. Mwalimu hutia alama ya vyema, na kipindi huisha.

Nimeifundisha habari hiyo kwa miaka mingi hapa Buwenge, mji wetu mdogo ulio kwenye barabara itokayo Jinja kwenda Kamuli, wala sikuona kosa lake. Leo nataka kuihakiki kama tunavyohakiki shairi au tamthilia: kuitazama fani yake na maudhui yake, na kuuliza inamtumikia nani. Tumezoea kudhani kwamba jambo jema halihakikiwi, na kwamba mwenye kuhoji habari ya kumsifu kipofu ni mtu mwenye roho mbaya. Walakini mwanafasihi hana ruhusa ya kusamehe maandishi kwa sababu ya nia njema ya mwandishi. Tungefanya hivyo tungekuwa tumesamehe nusu ya mashairi mabovu tuliyonayo.

Kilichonisukuma ni aibu yangu mwenyewe. Katika darasa langu la kidato cha pili alikuwamo msichana mwenye ualbino. Kama walimu wengi mjuavyo, ualbino hauishii kwenye ngozi; macho nayo huona kwa shida, hasa vitu vidogo na vilivyo mbali, na mwanga mkali huyaumiza. Siku hiyo nilikuwa nimetunga mwenyewe kifungu cha ufahamu juu ya Henry Wanyoike, mkimbiaji kipofu wa Kenya, na kwa kubania karatasi nilikipunguza kifungu kizima kikaenea nusu ukurasa. Nikamwita msichana yule asome kwa sauti, kwa kuwa nilidhani habari ile ingemfurahisha yeye kuliko wengine. Akaileta karatasi karibu na pua, akaigeuzageuza, akasoma maneno manne, akanyamaza. Darasa likasubiri. Ndipo nilipotambua kwamba nimeandika sifa za mtu asiyeona kwa herufi ambazo mwanafunzi wangu hakuweza kuziona.

Tuanze basi na Wanyoike mwenyewe, maana habari yake ndiyo iliyokamilika kuliko zote za aina hii katika Afrika Mashariki. Alizaliwa mwaka 1974 huko Kikuyu, akawa kijana mwenye mbio. Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alipatwa na kiharusi usiku, na kulipopambazuka alikuwa amepoteza karibu uwezo wake wote wa kuona. Alikaa miaka kadhaa katika majonzi, akapelekwa katika chuo cha ufundi cha vipofu cha Machakos, akajifunza kufuma sweta. Baadaye akarudia mbio. Mwaka 2000, katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu iliyofanyika Sydney, alikimbia mita 5,000 akiwa amefungwa kamba mkononi pamoja na mwongozaji anayeona. Mwongozaji alikuwa mgonjwa. Mbio zilipoendelea nguvu zikamwishia, na kipofu ndiye aliyemvuta mwenye macho hadi mwisho, akaipata medali ya dhahabu. Miaka minne baadaye, Athens, akaongeza dhahabu mbili, ya mita 5,000 na ya mita 10,000.

Msimulizi gani ataacha tukio kama lile la Sydney? Limejengeka lenyewe kama hadithi: kinyume cha mambo, taharuki, kilele. Mimi nami sikuliacha. Lakini nilipokirudia kifungu changu baada ya siku ile, niliona kwamba nimeisimulia kamba kama pambo tu. Nilikuwa nimeandika kwamba kipofu "alimwongoza anayeona", nikaweka alama ya mshangao, nikapita. Sikueleza kamba ile ni ya nini, wala kwamba sheria ya mashindano hairuhusu mwongozaji kuvuka mstari kabla ya mkimbiaji wake. Sikueleza kwamba mtu asiyeona hawezi kujizoeza peke yake katika barabara zetu zenye mashimo na magari, na kwa hiyo anahitaji mwenzake mwenye mbio zisizopungua zake, mwenye saa za kuamka naye kila alfajiri, na mwenye kupata chakula chake kutoka mahali fulani. Palipoonekana pana moyo wa mtu mmoja, kumbe palikuwa na watu wawili, kanuni, ratiba na gharama.

Hilo ndilo kosa la kwanza la utanzu huu, nalo ni la fani kabla halijawa la maudhui. Msimulizi huwaondoa jukwaani wahusika wote wadogo ili shujaa abaki peke yake. Tungemkuta mtunzi wa tamthilia akifanya vile tungemwambia kwamba wahusika wake wengine ni vivuli tu. Na matokeo yake kwa msomaji ni makubwa. Kama ushindi wa Wanyoike ulitoka moyoni mwake tu, basi mtoto asiyeona vizuri hapa Buwenge akishindwa, kushindwa kwake nako kumetoka moyoni mwake. Shule haikuhusika. Mimi na karatasi yangu ya nusu ukurasa hatukuhusika.

Sasa nitoke kidogo kwenye mbio. Watu wa Uganda tuna kipimo chetu cha mtu mashuhuri anayeutoa umaarufu wake kwa ajili ya wengine, nacho ni Philly Bongoley Lutaaya. Najua kwamba habari yake ni ya ukimwi, si ya ulemavu, lakini ndiye aliyetufundisha umbo la jambo lenyewe. Alikuwa mwanamuziki aliyependwa, aliyeishi Sweden, ambaye nyimbo zake za Krismasi bado husikika madukani kila Desemba. Mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba ana ukimwi, wakati ambapo neno hilo lilinong'onwa tu, na watu wengi hawakumsadiki. Walisema hawezi kuwa mgonjwa na huku anaonekana mzima. Akazunguka mashuleni na makanisani huku afya yake ikidhoofika, akatengeneza nyimbo juu ya hali yake, na filamu ikapigwa. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo.

Ukiutazama ushuhuda wa Lutaaya kwa jicho la uhakiki utaona kwamba nguvu yake haikutoka kwenye ushindi. Hapakuwa na ushindi. Ilitoka kwenye hasara: mtu aliyekuwa na jina zuri aliliweka jina hilo rehani. Kabla ya kusema alikuwa na kila kitu cha kupoteza, na baada ya kusema alipoteza baadhi yake mbele ya macho ya watu. Hadhira ilijua hivyo hata ilipomshuku. Tena hakuomba kupigiwa makofi, aliomba watu wabadili mwenendo wao. Habari zetu za ufahamu hugeuza mambo: msomaji hakuombwa chochote ila kushangaa. Anamaliza kusoma akiwa na hisia nzuri juu ya nafsi yake, kana kwamba kushangaa kwenyewe ni tendo jema.

Hapa pana tofauti moja ambayo sikuwa nimeiona kabla ya kuanza kuandika makala hii, nami naileta kwa wenzangu waipime. Mtu mashuhuri anaweza kusema kwa ajili ya kuzuia ulemavu, na anaweza kusema kwa ajili ya watu walio nao. Ni mambo mawili, na mara nyingi tunayachanganya. Wanyoike alipokwisha kupata jina alifanywa balozi wa mradi wa benki moja kubwa wa kupambana na upofu unaozuilika. Ni kazi njema, na watu waliopasuliwa mtoto wa jicho wakaona tena hawatakubali mtu aibeze. Vivyo hivyo kundi la muziki la Staff Benda Bilili la Kinshasa, ambalo wengi wa waimbaji wake walilemazwa na polio utotoni, wakawa wakitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu kama zile tunazoziona mpakani Busia zikivusha mizigo. Walipata jina duniani kwa albamu yao ya mwaka 2009 na filamu iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2010, na mmoja wa nyimbo zao mashuhuri huwasihi wazazi wawapeleke watoto wakachanjwe. Nani atapinga chanjo?

Lakini tazameni jinsi mambo yalivyopangika. Kipofu aliye maarufu kuliko wote anaitwa asimame kutetea dunia ambayo vipofu watakuwa wachache. Waliolemazwa na polio wanasikilizwa zaidi pale wanapowaonya wazazi wasipate watoto walio kama wao. Jamii imewapa jukwaa, ikawachagulia na hotuba. Sisemi kwamba wenyewe wamekosea kuikubali. Aliyewahi kuumia ana haki ya kutaka mwingine asiumie. Nasema kwamba ukiorodhesha hotuba hizo zote hutaona mahali palipotajwa ngazi za ofisi ya wilaya, wala karatasi za mtihani za nukta nundu, wala mwajiri aliyemfungia mtu mlango. Kinga hailaumu mtu yeyote, ndiyo sababu wadhamini wanaipenda. Haki lazima imtaje mdaiwa.

Na hapa ndipo nyimbo za Benda Bilili zinapoishinda habari ya gazeti. Ndani ya muziki wao mna mitaa ya Kinshasa, mna kulala kwenye maboksi, mna kijana mmoja mpiga ala ya uzi mmoja aliyoiunda kwa kopo. Hawakujitenga na mji wao ili wawe mfano, waliimba kama wanamuziki wenye jambo la kusema, na sehemu ya jambo hilo ilikuwa miguu yao. Msikilizaji humaliza akiwa amewasikiliza kwanza, kuwastaajabia kukaja baadaye. Natamani vifungu vyetu vingeandikwa hivyo.

Kuna na mtu mashuhuri asiye na ulemavu anayewaalika walio nao. Tanzania ilimjua Reginald Mengi, mfanyabiashara na mwenye vyombo vya habari, aliyefariki mwaka 2019, ambaye kwa miaka mingi aliwakusanya watu wenye ulemavu Dar es Salaam kula nao chakula cha mchana kila mwaka. Wapo waliokibeza chakula kile, wakisema sahani ya pilau haimpi mtu ajira. Mimi nina la kusema kwa kila upande. Katika desturi zetu kula pamoja si jambo dogo. Wako waliokuwa hawajawahi kuketi meza moja na tajiri, wala tajiri kuketi nao, na picha ile ilipoonekana kwenye televisheni ilisema kitu ambacho sheria haiwezi kusema. Lakini picha ina mwenye nyumba na wageni, na mgeni hata akipewa kiti cha mbele hachagui mazungumzo. Sidhani kwamba nina haja ya kuendelea zaidi hapo.

Nirudi kwenye kazi yetu, yaani lugha, kwa maana huko ndiko mwalimu wa Kiswahili anakoweza kulaumiwa au kushukuriwa.

Wenzetu wengine husema kwamba Kiswahili kimewadharau watu hawa tangu mwanzo kwa kuwaweka katika ngeli ya vitu: kipofu, kiziwi, kilema, kibiongo, kibogoyo. Nimewasikia vijana wa vyuo wakiirudia hoja hiyo kwa ghadhabu. Ni hoja yenye mvuto, ila haisimami yenyewe. Katika ngeli hiyohiyo yumo kijana, yumo kinyozi, yumo kipenzi, na yumo kiongozi. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kiongozi ametiwa pamoja na viti na vijiko. Tena sarufi yetu huwarudishia wote utu wao katika upatanisho: twasema kipofu amefika, vipofu wawili wamefika, wala hatusemi kipofu kimefika ila kwa mtu anayekusudia kutukana. Dharau basi haimo katika kiambishi pekee. Imo katika kumwita mtu kwa kiungo chake, kana kwamba hakufanya jambo lingine lolote tangu azaliwe. Kwa Kiganda mtu asiyeona huitwa muzibe, neno lenye kiambishi cha watu, na bado muzibe hakupata kiti cha mbele kwa sababu hiyo.

Wenye hali hizo wenyewe hawakubaliani juu ya majina, na jambo hilo ni la kufurahisha kwa mwenye kupenda lugha. Tanzania kilianzishwa Chama cha Walemavu. Baadaye likaundwa Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu. Kati ya jina la kwanza na la pili pana safari nzima ya mawazo: mtu ametangulia, ulemavu umefuata kama kitu alicho nacho. Neno zeruzeru nalo limeachwa kwa haki kabisa. Baada ya mauaji yaliyoanza kutangazwa sana mwaka 2007 kandokando ya Ziwa Victoria hapana mwalimu anayeweza kulitumia bila kusikia harufu ya damu. Lakini viziwi wa Tanzania wana Chama cha Viziwi, CHAVITA, na neno lao wamelishikilia bila haya. Wao wana lugha yao, na kiziwi kwao ni jina la jamii zaidi ya kuwa jina la pungufu. Wahenga walisema ukipenda, chongo huita kengeza. Mithali hiyo yaweza kusomwa kama sifa ya mapenzi, na yaweza kusomwa kama onyo kwa sisi tunaobadili majina na kuacha chongo bila daktari.

Kuna kitenzi kimoja ambacho hatukitumii vya kutosha, nacho ni kulemaza. Mlemavu, ukilisikiliza neno lenyewe, ni mtu ambaye jambo limekwisha kumfika, wala hatuambiwi limefanywa na nani. Kulemaza kunadai mtenda. Polio ililemaza, ndiyo. Lakini na ngazi zinalemaza, na mwalimu anayeandika ubaoni huku akizungumza na ubao humlemaza mwanafunzi asiyesikia anayesoma midomo. Siku ile herufi zangu ndizo zilizomlemaza msichana wangu. Dakika moja kabla ya kupewa ile karatasi alikuwa mwanafunzi kama wengine, tena mwenye insha nzuri.

Kadhalika tuangalie viunganishi. Hesabuni katika habari hizi maneno "ingawa", "licha ya" na "pamoja na kuwa". "Licha ya upofu wake aliweza kusoma hadi chuo kikuu." Mzani wa sentensi hiyo umewekwa hivi: upande mmoja upofu, upande wa pili chuo kikuu, na msomaji anatakiwa kustaajabu vilivyokutana. Jaribuni kuiandika upya: "Alisoma hadi chuo kikuu kwa maandishi ya nukta nundu, na rafiki zake wawili walimsomea vitabu ambavyo havikuwa katika maandishi hayo." Sentensi imekuwa ndefu, imepoteza mshangao, imepata habari. Nimewapa wanafunzi zoezi hilo, nao wamelifanya vizuri kuliko nilivyotarajia. (Wengine bado huandika "ingawa" na "lakini" katika sentensi moja, lakini hilo ni vita vingine.)

Mithali inayopendwa kuliko zote katika hotuba za aina hii ni hujafa hujaumbika. Husemwa kwa sauti ya upole, na wasikilizaji hutikisa vichwa. Kwa upande mmoja ni neno zito: kwamba umbo la binadamu halijakamilika maadamu anaishi, na hakuna aliyekwisha kuwa mzima moja kwa moja. Upande huo naupenda. Lakini tazameni inavyotumika. Husemwa kwa wenye viungo kamili, juu ya asiye navyo, na yeye akiwa amesimama papo hapo. Maana yake huwa: msimcheke, kesho yaweza kuwa zamu yenu. Heshima anayopewa imetokana na hofu ya msikilizaji juu ya mwili wake mwenyewe. Mtu amegeuzwa kibao cha barabarani kinachoonya kona kali. Nilimwuliza mzee mmoja wa hapa Buwenge, asiyetumia mguu wake mmoja tangu utotoni na anayeshona viatu karibu na soko, anaionaje mithali hiyo. Akasema ameisikia mara nyingi, na kila aliyeisema aliondoka bila kumlipa zaidi.

Mtu akiniuliza ni umaarufu gani basi umezaa matunda, sitamtajia mwanamichezo wala mwimbaji. Uganda ilichagua njia nyingine isiyo na makofi mengi. Muungano wa kitaifa wa watu wenye ulemavu, NUDIPU, uliundwa mwaka 1987 kwa kuwakutanisha vipofu, viziwi na wengineo waliokuwa kila kundi peke yake. Katiba ya mwaka 1995 ikaitaja lugha ya alama miongoni mwa mambo ambayo dola inapaswa kuyakuza, jambo ambalo katiba chache duniani zilikuwa zimelifanya wakati huo. Mwaka 1996 Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akaingia Bungeni miongoni mwa wawakilishi watano wa watu wenye ulemavu, na mkalimani akasimama Bungeni. Mabaraza yetu, hata yale ya ngazi za chini, yana viti viwili vya watu wenye ulemavu, cha mwanamke na cha mwanamume.

Wanafunzi wangu wote wanamjua Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya London mwaka 2012. Nilipowauliza juu ya David Emong, aliyeileta Uganda medali ya fedha ya mita 1,500 katika michezo ya walemavu ya Rio mwaka 2016, akarudi na shaba kutoka Tokyo mwaka 2021, waliomjua walikuwa wawili. Juu ya Ndeezi hakujua mtu. Sijui kama nisikitike. Kazi ya Ndeezi na wenzake ilikuwa ya vikao, miswada na marekebisho ya vifungu, na kazi kama hiyo haiandikiki kwa urahisi katika ukurasa mmoja wenye kilele. Tena ina kasoro zake ambazo mhakiki mwaminifu hawezi kuzificha: kiti kilichotengwa chaweza kumgeuza anayekikalia kuwa mtu wa chama kuliko kuwa sauti ya waliomtuma, na diwani wa walemavu katika baraza dogo mara nyingi huulizwa maoni yake juu ya walemavu tu, kana kwamba barabara na maji havimhusu. Hata hivyo mkalimani yule aliyesimama Bungeni ni sawa na ile kamba ya Sydney. Hakuna aliyemshangilia, na bila yeye mashindano yasingekuwapo.

Laiti tungekuwa na waandishi wa kuandika juu ya mkalimani! Hapo ndipo ninapowalaumu watunzi wetu wa Kiswahili. Wasifu tunaufundisha, na kanuni zake tunazijua: chimbuko la mtu, watu waliomzunguka, matendo yake kwa utaratibu, makosa yake. Tunapofika kwa mtu mwenye ulemavu tunazitupa kanuni zote hizo, tunaandika ngano. Makosa hayatajwi. Hasira haitajwi. Sijapata kusoma katika kitabu cha shule habari ya kipofu mchoyo au kiziwi mwenye masihara, na ninao wote wawili miongoni mwa jamaa zangu.

Baada ya siku ile nilikichapa upya kifungu changu kwa herufi kubwa, kikachukua kurasa mbili. Mwenzangu mmoja alinung'unika juu ya karatasi. Nikampa kila mwanafunzi nakala ileile, si msichana yule pekee, kwa sababu nilikumbuka jinsi darasa lilivyomtazama mara ya kwanza. Alisoma tena, safari hii bila kusita, mpaka alipofika kwenye tukio la Sydney. Hapo akasimama, akauliza kwa nini mkimbiaji ana jina na aliyeshika upande wa pili wa kamba hana. Sikuwa na jibu. Mvulana mmoja nyuma akasema kwamba jina lake si muhimu kwa sababu hakupata medali, wakabishana, na kengele ikalia kabla hawajafika kwenye swali la tano.

Jioni hiyo nilikwenda kutafuta. Aliyekimbia na Wanyoike kule Athens mwaka 2004 aliitwa Joseph Kibunja, rafiki yake tangu utotoni. Katika nakala ninayoitumia sasa jina hilo lipo ukurasa wa kwanza, mstari wa tatu, na swali la tano nimelifuta.